Habari Mpya za Nyota za Zamani

Mwezi Mei, masika yakishapungua, mtu wa Dodoma, Iringa au Machakos akitoka uani saa tatu usiku na kuelekea kusini ataiona Salibu, zile nyota nne za msalaba, imesimama wima. Kushoto kwake zipo nyota mbili kali zinazofuatana. Juu ya hizo mbili, kwa kipimo cha ngumi moja na ushei ya mkono ulionyooshwa, kuna nukta hafifu yenye ukungu. Penye taa za barabarani haionekani. Penye giza huonekana bila chombo chochote, na mwenye darubini ndogo ya macho mawili ataona kuwa ule si ukungu wa macho yake.

Nukta hiyo inaitwa Omega Centauri. Ni fungu la nyota zipatazo milioni 10 zilizorundikana pamoja, umbali wa takribani miaka-nuru 17,000 kutoka hapa, na mwaka-nuru mmoja ni kilomita trilioni tisa na nusu. Julai 2024 wanaastronomia walitangaza kwamba katikati ya fungu hilo wamezikuta nyota saba zinazokwenda mbio kupita kiasi. Kwa kasi ile zilitakiwa ziwe zimeshachoropoka na kupotea. Kinachozishikilia hakionekani, lakini kwa hesabu zao uzito wake haupungui Jua letu mara 8,200. Walihitimisha kuwa ni shimo jeusi la ukubwa wa kati, aina ambayo wataalamu wameisaka kwa miaka mingi na kuishia kupata ushahidi wa mashaka tu.

Kinachopendeza ni namna walivyolipata. Walikusanya picha zaidi ya 500 zilizopigwa na darubini ya Hubble katika kipindi cha miaka 20, wakafuatilia mwendo wa nyota moja moja. Nyingi kati ya picha hizo hazikupigwa kwa ajili ya shimo lolote. Zilipigwa na mafundi waliokuwa wakisawazisha vyombo vya Hubble, ambao waliona fungu lile linafaa kwa kuwa lina nyota tele za kupimia. Picha za majaribio zilikaa kwenye kumbukumbu mpaka akatokea mtu wa kuziuliza swali jingine.

Habari za anga kwa kawaida humfikia msomaji zikiwa zimejaa tarakimu na majina ya vyombo, hata akaona ni mambo ya watu wa mbali. Ni kweli, baadhi ni ya mbali mno: darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi ya 2021, imeona galaksi ambazo nuru yake iliondoka huko ulimwengu ukiwa na umri wa chini ya miaka milioni 300, na hizo hakuna atakayeziona kutoka uani. Lakini sehemu kubwa ya yaliyogunduliwa miaka hii ya karibuni yanahusu vitu ambavyo mtu anaweza kumwonyesha mwanawe kwa kidole.

Zile nyota mbili kali zilizo kando ya Salibu ni mfano. Iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alpha Centauri, ambayo kwa hakika ni nyota mbili kubwa na moja ndogo zinazoandamana, jirani wa Jua kuliko nyota zote nyingine, miaka-nuru minne na kidogo tu. Agosti 2025 watafiti wanaotumia James Webb walieleza kuwa wameona dalili ya sayari ya gesi, yenye uzito unaokaribia wa Zohali, ikiizunguka mojawapo. Iliwatokea mara moja, Agosti 2024. Walipoangalia tena mwaka uliofuata hawakuikuta. Wanadhani ilikuwa imesogea karibu mno na nyota yake. Kwa hiyo bado inaitwa sayari tarajiwa, na uangalifu huo wa kutotangaza mapema ni wa kuheshimiwa.

Zohali yenyewe ilikuwa na mwaka wa pekee 2025. Mwezi Machi, kwa mkupuo mmoja, ilitambuliwa kuwa na miezi mipya 128, na jumla yake ikafika 274, zaidi ya miezi ya sayari nyingine zote za Jua ikijumlishwa. Mingi ni mawe ya kilomita chache tu, mabaki ya miezi mikubwa zaidi iliyogongana na kupasuka. Mwezi huohuo pete za Zohali ziligeuka zikatuelekezea ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na kwa muda mrefu wa mwaka huo waliochungulia kwa darubini ndogo walikuta pete walizozijua kwenye vitabu zimekonda zikawa mstari. Waliotazama kupatwa kwa Mwezi tarehe 7 Septemba 2025, pale Mwezi ulipogeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki na kukaa hivyo kwa dakika 82, walikuwa na Zohali mbele ya macho yao pia, nukta ya manjano chini ya Mwezi upande wa mashariki. Wengi walipiga picha za Mwezi kwa simu. Wachache ndio waliouliza ile nukta ni nini.

Wanaogundua si wataalamu wenye darubini kubwa tu. Sasa tuje kwa fundi kufuli mmoja.

Víctor Buso ni fundi wa makufuli katika mji wa Rosario, Argentina, na nyota ni mapenzi yake. Juu ya paa la nyumba yake ana darubini yenye kioo cha sentimita 40. Usiku wa tarehe 20 Septemba 2016 alikuwa na kamera mpya na alitaka tu kuijaribu. Akachagua galaksi iitwayo NGC 613 kwa sababu ya kawaida kabisa: wakati ule ilikuwa karibu na utosi wa anga, penye hewa safi zaidi. Kwa kuwa anga la mjini lina mwanga mwingi, hakuacha kamera wazi kwa muda mrefu, alipiga picha fupi fupi, moja baada ya nyingine, kwa saa moja na nusu hivi. Alipozikagua akaona penye ncha ya mkono mmoja wa galaksi kuna kidoa ambacho katika picha za kwanza hakikuwapo. Katika kila picha iliyofuata kidoa kilizidi kung'aa.

Alikuwa ameinasa nyota ikianza kulipuka. Supanova, yaani nyota kubwa inayojipasua mwisho wa maisha yake, si jambo geni. Kila mwaka zinaonekana kwa maelfu. Lakini huonekana zikiwa zimeshalipuka siku kadhaa. Saa ile ya kwanza, wimbi la mshtuko kutoka ndani linapoifikia ngozi ya nyota na kuipasua, ilikuwa nadra sana kunaswa, kwa sababu hakuna anayejua ni nyota ipi italipuka na lini. Timu ya watafiti iliyoongozwa na Melina Bersten ilikadiria kuwa bahati ya kuipata kwa kubahatisha ni moja katika milioni 10 au chini zaidi. Buso aliwatafuta wenzake, tahadhari ikasambazwa, na katika muda mfupi darubini kubwa za California na Hawaii zikageuzwa kuelekea huko. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018, na jina la fundi kufuli limo miongoni mwa waandishi.

Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati, na bahati haifundishi kitu. Basi amtazame Koichi Itagaki wa Japani, ambaye Mei 2023 aliiona supanova katika galaksi ya M101, umbali wa miaka-nuru milioni 21, ikawa mojawapo ya zilizo karibu zaidi kwa muongo mzima. Itagaki si mwajiriwa wa kituo chochote cha utafiti, na ameshagundua supanova zaidi ya 170. Au Gennadiy Borisov, aliyekuwa kule Crimea tarehe 30 Agosti 2019 na darubini ya sentimita 65 aliyoiunda kwa mikono yake, akaona nyotamkia isiyo kwenye orodha. Hesabu za njia yake zilionyesha haikuzaliwa katika mfumo wa Jua letu. Ilikuwa mgeni wa pili kujulikana kutoka nyota nyingine, baada ya 'Oumuamua ya mwaka 2017. Wa tatu, 3I/ATLAS, aligunduliwa na darubini ya kujiendesha yenyewe nchini Chile tarehe 1 Julai 2025, na mwishoni mwa mwaka huo akapita mbali nasi, kilomita milioni 270 hivi, pamoja na uvumi mwingi wa mitandaoni kuwa ni chombo cha viumbe wa nje. Ni nyotamkia.

Swali linalowasumbua wapenzi wa nyota siku hizi ni kama mashine hazitawamalizia kazi. Juni 2025 kituo cha Vera C. Rubin, juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kilionyesha picha zake za kwanza. Kioo chake kina kipenyo cha mita 8.4 na kamera yake ina ukubwa wa gari dogo. Picha moja inafunika eneo la anga la takribani Miezi 45 mpevu. Katika saa kama 10 tu za majaribio kiliona asteroidi 2,104 ambazo hakuna aliyekuwa akizijua. Kinakusudiwa kupitia anga la kusini kila baada ya siku tatu nne, kwa miaka 10.

Hata hivyo jicho kali namna hiyo lina udhaifu wake: nyota zinazong'aa zinalipofusha. Nyota ambayo wewe na mimi tunaiona kwa macho, kwa kamera ile ni doa jeupe lililofurika, halipimiki. Kwa hiyo zile angavu, ambazo watu wamezijua kwa majina tangu enzi za manahodha waliokuwa wakiitafuta Suheli upande wa kusini, zimebaki kwa wenye vyombo vidogo.

Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu kwenye bega la Jabari, ilithibitisha hilo. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia, na Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake, hata magazeti yakaandika kuwa inakaribia kulipuka. Walioitia alama mapema walikuwa na rekodi za miaka mingi mikononi, nyingi zikiwa za watu wasiolipwa. Baadaye ikabainika kuwa nyota ilikuwa imetapika gesi nyingi, gesi ikapoa, ikawa vumbi, na vumbi likatuzibia. Mwaka 2025 darubini ya Gemini North kule Hawaii ikaongeza jipya: picha inayoonyesha dalili za nyota ndogo inayoizunguka kwa karibu mno.

Kazi ya kuipima nyota ya namna hiyo haihitaji hata lenzi. Mtu husimama nje Januari au Februari, Jabari akiwa juu ya kichwa, huiangalia ile nyekundu, halafu huiangalia Dabarani, nyota nyingine yenye wekundu iliyo kaskazini magharibi yake. Ipi kali? Zimezidiana kwa kiasi gani? Mwanga wa Dabarani umeshapimwa na haubadiliki sana, basi kwa kulinganisha anapata tarakimu, anaiandika pamoja na tarehe na saa. Jumuiya ya AAVSO ya Marekani imekuwa ikipokea tarakimu za aina hiyo kutoka kwa mtu yeyote wa nchi yoyote tangu 1911. Ni kazi ya dakika mbili, na mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Nyingine ya kuvizia ni T Coronae Borealis, iliyo katika nusu duara ya nyota hafifu upande wa kaskazini, juu vya kutosha usiku wa Juni na Julai. Ililipuka 1866, ikalipuka tena 1946. Wataalamu walidhani zamu yake ni 2024. Mwaka ule ukapita kimya. Siku ikilipuka itaonekana kwa macho kwa siku chache tu, na atakayeitambua ni yule anayelijua kundinyota hilo lilivyo likiwa limetulia.

Kuna kazi moja ambayo darubini kubwa haiwezi kabisa, kwa kuwa haihami. Asteroidi ikipita mbele ya nyota huiziba kwa muda mfupi sana, mara nyingi sekunde chache tu, na kivuli chake hukimbia juu ya ardhi kwenye ukanda mwembamba. Anayetaka kukiona lazima aende kilipo. Julai 2017 watafiti wa chombo cha anga za juu New Horizons walihitaji kujua umbo la jiwe moja lililo kilomita bilioni 6.5 hivi kutoka kwenye Jua, ambalo chombo chao kilikuwa njiani kulifikia. Kivuli kilitarajiwa kupita Comodoro Rivadavia, mji wenye upepo mkali kusini mwa Argentina. Mji ukazima taa za barabarani. Barabara kuu ikafungwa ili mwanga wa magari usiharibu, na malori yakaegeshwa yawe ukuta wa upepo kwa darubini ndogo zilizotawanywa mashambani. Darubini tano zikaona nyota ikikonyeza. Kwa urefu wa mikonyezo hiyo walihisi kuwa huenda jiwe lina vichwa viwili vilivyogandana, na chombo kilipopita karibu nalo tarehe 1 Januari 2019, ndivyo lilivyokuwa. Agosti 2018, kivuli cha jiwe hilohilo kilipopita Senegal, darubini zilipelekwa huko, na wanasayansi wa Senegal walikuwa kwenye msafara. Hapa Afrika watazamaji ni wachache ukilinganisha na ukubwa wa ardhi, na kivuli kinachopita pasipo mtu hakirudi.

Afrika Mashariki ina upendeleo ambao wenyeji wake hawauringii vya kutosha. Mtu wa Ulaya hatakaa aione Salibu asiposafiri. Mtu wa kusini mwa Australia hatamwona Dubu Mkubwa kwa ukamilifu. Karibu na ikweta karibu anga lote hupita juu, la kaskazini na la kusini. Novemba saa tatu usiku, vuli ikitoa nafasi baina ya mawingu, galaksi ya Andromeda iko kaskazini, miaka-nuru milioni 2.5, na kusini lipo Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Mtu anageuza shingo tu. Na kama ni giza, mwanzo wa giza Afrika Mashariki si mbali na mji wowote. Hata ndani ya mji, umeme ukikatika mtaa mzima, laana zikishaisha, inafaa kutoka nje na kutazama juu.

Wanaofanya kazi ya kuwaonyesha wengine wapo. Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen waliunda The Travelling Telescope, wakizungusha darubini kwenye shule za mbali ili watoto waweke jicho wenyewe. Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza watu wa kawaida kinachotokea angani, na tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kwa umbo la pete, umati ulijaa Rujewa, wilayani Mbarali, kuliona.

Anayetaka kuanza asikimbilie kununua darubini kubwa. Za bei nafuu zenye kusimama kwa miguu dhaifu hutikisika, na mwenye nayo huchoka mapema. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50 inatosha kwa mwaka wa kwanza na pengine wa pili: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita, na usiku ya pili ndiyo muhimu zaidi. Kwa darubini hiyo, viwiko vikiegemezwa ukutani, Mshtarii ataonekana na miezi yake minne mikubwa, ambayo hubadilishana nafasi kila usiku. Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikitumia kupangia misimu, kinageuka kutoka nyota sita kuwa makumi. Programu ya simu kama Stellarium itataja majina, ila mwanga wa simu upunguzwe, kwani jicho huchukua nusu saa kulizoea giza na sekunde moja kulisahau. Vimondo havihitaji chombo chochote isipokuwa mkeka. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba kila mwaka Dunia hupita katikati ya vumbi la asteroidi Phaethon, na Mwezi usipokuwapo, kuanzia saa sita usiku mtu hahesabu dakika nyingi bila kukiona kimoja.

Tukio kubwa lililo mbele ni la mchana. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu kuanzia kusini mwa Hispania, kupitia Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, ambako karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Kivuli kitavuka Bahari ya Shamu kuingia Saudia, na watakaokuwa Jeddah na Makka watapata zaidi ya dakika tano. Kisha Yemen, na mwisho ncha ya kaskazini ya Somalia kabla ya kuzama baharini. Kenya, Uganda na Tanzania zitaona Jua likimegwa upande. Kwa wa huku, kwa kuwa Jua halitafunikwa lote, hakuna dakika hata moja ya kulitazama bila kinga. Miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi na filamu ya eksirei havifai. Kinachotakiwa ni miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2. Asiyeipata alipe Jua mgongo, atoboe karatasi ngumu kwa pini na kutazama mwanga unaoangukia karatasi nyingine, au asimame chini ya mwembe: mapengo baina ya majani hufanya kazi ileile ya pini, na Jua lililomegwa huchorwa ardhini mara mamia.